Taka, Nishati na Haki ya Jirani

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani



Leo tunatafakari pamoja jambo ambalo kwa kawaida hatulipi nafasi katika semina zetu. Mada ya leo inahusu taka za majumbani na za viwandani, na namna zinavyoweza kugeuzwa kuwa moto wa kupikia na umeme. Huenda wapo miongoni mwetu wanaojiuliza: mambo ya jalala na mitambo yanaihusu nini Tume ya Haki na Amani? Jibu letu ni fupi. Taka hazipotei. Zikiondoka mlangoni kwetu huenda mlangoni kwa mtu mwingine, na mtu huyo ni jirani yetu hata kama hatulijui jina lake. Hapo suala la usafi limekwisha kuwa suala la haki.

Siku hizi inasemwa mara nyingi kwamba taka ni mali, na kwamba mtambo mmoja ukijengwa utaondoa uchafu na kutupa umeme kwa pamoja. Hatusemi kwamba neno hilo ni la uongo. Lakini mtu mwenye busara akiletewa habari njema huuliza kwanza maswali, ndipo ashangilie. Basi tuulize.

1. Taka za mji mmoja zilivyohama

Tuanze na Dar es Salaam, kwa kuwa historia yake inafundisha. Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Wananchi walivumilia moshi, harufu na inzi hadi uvumilivu ukafika mwisho. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba Halmashauri ya Jiji isimamishwe. Walishinda. Hata hivyo Halmashauri ilirudi mahakamani kuomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka mahali pale pale. Jaji Lugakingira alikataa, akieleza mshangao wake kwamba mamlaka ya umma inathubutu kuomba kibali cha kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alikumbusha pia kwamba haki ya kuishi imeandikwa katika ibara ya 14 ya Katiba ya nchi.

Je, taka zilikwenda wapi? Mwaka 1991 zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, mamia kwa idadi, walikwenda mahakamani, nao wakasikilizwa. Kisha ikawa zamu ya Vingunguti. Baada ya Vingunguti, Mtoni. Na Mtoni ilipofungwa, magari yakaelekezwa Pugu Kinyamwezi. Tunaona hapa jambo moja: kila mara hukumu ilikuwa ya haki kwa waliolalamika, lakini mzigo haukupungua hata kilo moja. Ulihamishwa tu kutoka bega moja hadi bega jingine, na mara nyingi bega hilo lilikuwa la maskini. Nao mji uliendelea kukua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Kila mmoja wao hutoa taka kila siku.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya nishati itokanayo na taka, tusisahau kwamba swali la kwanza ni hili: nani atabeba mzigo huu, na je, unaweza kupunguzwa badala ya kuhamishwa?

2. Taka huwaje nishati

Zipo njia tatu kubwa, na inafaa kiongozi wa walei azifahamu ili asidanganywe na mtu yeyote.

Njia ya kwanza ni kuozesha. Mabaki ya chakula, maganda, kinyesi cha mifugo na vitu vyote vilivyotokana na viumbe hai vikiwekwa mahali pasipo na hewa, vijidudu huvimeng'enya na kutoa gesi. Zaidi ya nusu ya gesi hiyo ni methani, ambayo huwaka vizuri jikoni na huweza kuendesha jenereta. Kinachobaki ni tope ambalo ni mbolea nzuri. Hii ndiyo bayogesi.

Njia ya pili ni kuchoma katika tanuri maalumu, ambamo joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mitambo, na umeme hupatikana. Hapa lazima tuwe waangalifu. Ili taka ziungue zenyewe bila kuongezewa mafuta, ni lazima ziwe na joto la kutosha ndani yake. Benki ya Dunia ilishauri mwaka 1999 kwamba wastani wa mwaka usipungue megajuli 7 kwa kila kilo. Sasa tazameni taka za miji yetu: maganda ya ndizi, majani ya mboga, mabaki ya ugali, makumbi ya nazi mabichi. Sehemu kubwa ni vitu vinavyooza, navyo vimejaa maji. Kuchoma takataka za namna hiyo ni sawa na kuwasha jiko kwa kuni zilizolowa: moto mwingi huishia kukausha kuni. Tena moshi wa taka zilizochomwa vibaya, hasa zenye plastiki, una sumu. Ndiyo maana nchi za Ulaya hudai moshi wa tanuri ukae katika joto la nyuzi 850 au zaidi kwa muda usiopungua sekunde mbili, kisha uchujwe kabla haujaachwa kwenda hewani. Vifaa hivyo vya kuchuja ni ghali, na mwenye kutaka faida ya haraka hushawishika kuvipunguza.

Njia ya tatu ni kunasa gesi inayotoka katika dampo lenyewe. Taka zilizorundikwa kwa miaka huoza chini kwa chini na kutoa methani. Gesi hiyo ikiachwa hutoroka hewani, ambako nguvu yake ya kuongeza joto la dunia kwa kipindi cha miaka 100 ni zaidi ya mara 25 ya ile ya hewa ya ukaa. Ikinaswa kwa mabomba huweza kuchomwa tu, au kutumika kuzalisha umeme.

3. Palipofanikiwa

Tusidhani kwamba mambo haya ni ndoto za Ulaya. Yapo hapa kwetu, na baadhi ni ya siku nyingi.

Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi huchoma makapi ya miwa, hupata mvuke na umeme wa kuendeshea kiwanda, na kimewahi kuiuzia TANESCO umeme wa ziada. Kule Njombe, kampuni ya TANWAT ilijenga mtambo wa megawati 2.5 unaotumia mabaki ya miti, ukaanza kuunganishwa na gridi katika miaka ya 1990. Kule Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa bayogesi wa kilowati 150 unaotumia mabaki ya mkonge. Wanaoufahamu mkonge wanajua kwamba katika jani zima nyuzi ni sehemu ndogo sana, karibu asilimia 4. Sehemu nyingine yote ilikuwa ikitupwa na kuchafua mito.

Majumbani pia kumekuwa na mafanikio. CAMARTEC ya Arusha, kwa ushirikiano na Wajerumani, ilianza katika miaka ya 1980 kusambaza mitambo midogo ya bayogesi yenye kuba lililojengwa chini ya ardhi. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani, na maelfu ya familia za wafugaji yakajengewa mitambo. Familia yenye ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa zizini, na yenye maji ya kuchanganyia samadi kila siku, inaweza kupika bila kumtuma mama au binti porini kutafuta kuni. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2001, magereza kadhaa yalijengewa mitambo mikubwa inayotumia kinyesi cha wafungwa wenyewe, na matumizi ya kuni jikoni yakapungua sana. Shule zetu za bweni na seminari zetu, ambazo hutumia malori ya kuni kila muhula, zina la kujifunza hapo.

Tujiulize kwa nini haya yalifanikiwa. Sababu iko wazi. Makapi ya miwa ni makapi ya miwa tu. Hayakuchanganywa na chupa, betri wala nepi. Yako mahali pamoja. Mwenye taka ndiye mwenye kuhitaji nishati, naye husimamia mtambo wake kama mali yake. Pale ambapo taka ni za aina moja, ziko karibu na zina mwenyewe, nishati hupatikana.

4. Palipokuwa na ugumu

Sasa tugeukie taka za mjini, ambazo ni mchanganyiko, zimetawanyika na hazina mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulibuniwa mradi wa Taka Gas kwa ajili ya Dar es Salaam. Ulikusudia kuozesha taka za majumbani na za viwandani ili kupata umeme, gesi na mbolea, uwe mfano kwa Afrika nzima. Fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia, GEF, zilitengwa, na uchunguzi ukafanyika. Kiwanda chenyewe hakikujengwa. Mwaka 2007 dampo la Mtoni lilisajiliwa katika mpango wa Kyoto kwa ajili ya kunasa gesi na kuzalisha umeme. Huo ulikuwa mwanzo mwema, lakini dampo lenyewe lilikuwa limefika mwisho wake, nazo taka mpya zilikwenda kwingine.

Mfano mkubwa zaidi uko Addis Ababa. Kule Koshe, jalala kuu la mji ule, watu waliishi pembeni na hata juu ya taka. Tarehe 11 Machi 2017 mlima wa taka uliporomoka na kuua watu zaidi ya 110. Jirani na hapo mtambo wa kuchoma taka, uitwao Reppie, ulikuwa ukijengwa. Ulifunguliwa mwaka 2018, ukiwa umekusudiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku na kutoa umeme wa megawati 25 hivi. Mtambo ulikuja, lakini kwa wale waliofukiwa ulichelewa. Mwezi Agosti 2024 jambo la namna ile ile lilitokea Kiteezi, dampo la jiji la Kampala, ambako zaidi ya watu 30 walikufa. Maafa haya hayakuletwa na mbingu. Mlima wa taka hauoti usiku mmoja. Hukua mbele ya macho ya wote wenye mamlaka ya kuuzuia.

Tuzipime pia hizo megawati 25. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Ndiyo kusema, mitambo zaidi ya 80 ya ukubwa wa Reppie ingehitajika ili kulingana na bwawa hilo moja. Kwa hiyo anayetuambia kwamba taka za mji zitamaliza tatizo la umeme wa nchi hasemi kweli. Faida ya kwanza ya mtambo wa taka ni afya ya watu na usafi wa ardhi. Umeme ni nyongeza. Mradi ukipimwa kwa umeme peke yake utaonekana hasara, na utafungwa. Ukipimwa pia kwa maisha yanayookolewa, hesabu hubadilika.

5. Wale wanaoishi kwa taka

Ndugu zetu, kuna watu tusiowataja katika mipango hii. Ni waokota taka: wale kina mama, vijana na hata watoto wanaotembea na viroba, wakichagua chupa, makopo na vyuma chakavu. Tumezoea kuwapita kana kwamba nao ni sehemu ya jalala. Lakini tumesema hivi punde kwamba taka huwa nishati pale tu zinapokuwa zimetenganishwa. Basi ni nani katika miji yetu anayetenganisha? Ni hao. Wanafanya bila glavu, bila viatu vya maana na bila bima ile kazi ambayo kila mtambo unaihitaji.

Gharama yake kwa miili yao inajulikana. Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini magari hayakuacha kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, kwa kushirikiana na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, Korogocho, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo lile. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha hatari. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, wala hakuna shule inayoweza kuurudisha. Tunaliheshimu kanisa lile kwa kufungua milango yake ili ukweli upimwe. Huo nao ni utume.

Sasa mtambo ukijengwa na uzio ukazungushwa kuzunguka dampo, maisha ya watu hawa yatakuwaje? Mradi unaosafisha mji kwa kumnyima maskini chakula chake umehamisha tu uchafu kutoka ardhini hadi dhamirini. Haki inadai kwamba wawe wa kwanza kuajiriwa, wapewe vifaa, waruhusiwe kuunda ushirika wao, na watoto wao waende shule badala ya jalalani.

6. Maswali ya kuuliza mradi unapokuja

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa wa namna hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Nafasi hiyo mara nyingi hupita bila kutumiwa, kwa sababu tangazo halikusomwa au kikao kilihudhuriwa na wachache. Viongozi wa jumuiya waupeleke ujumbe nyumba kwa nyumba, na katika kikao waulize:

Kwanza, taka zetu zimepimwa? Kiasi gani ni maji, kiasi gani kinaoza? Nani alipima, na katika majira yapi? Taka za masika si sawa na za kiangazi.

Pili, moshi utachujwaje, nani atakayepima, na matokeo yatabandikwa wapi ili mwananchi ayasome?

Tatu, majivu yatakwenda wapi? Majivu yanayonaswa kwenye moshi hubeba sumu, nayo yakimwagwa ovyo tutakuwa tumerudi Tabata.

Nne, mkataba unasema nini? Mikataba mingine huibana halmashauri ilete kiasi fulani cha taka kila siku, la sivyo ilipe. Mkataba wa namna hiyo huwaadhibu wananchi kwa kosa la kupunguza taka zao.

Tano, wanaoishi jirani watapata nini zaidi ya harufu, na waokota taka watawekwa wapi?

Kuuliza maswali haya si kupinga maendeleo. Anayeuliza kabla ya nyumba kujengwa anaokoa gharama ya kuibomoa.

7. Wajibu wetu wenyewe

Tusiishie kuwanyoshea kidole wakubwa. Taka huanzia kwetu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya juu ya mazoea ya kutupa, ambayo huanza kwa vitu na kuishia kwa watu. Nasi tunakumbuka kwamba baada ya umati kushiba mikate mitano na samaki wawili, Bwana hakuacha mabaki yatawanyike nyasini. Yalikusanywa, yakajaa vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakuona haya kuokota makombo.

Basi kila nyumba iwe na vyombo viwili: kimoja cha vinavyooza, kingine cha visivyooza. Betri na dawa zilizokwisha muda zisichanganywe na chochote. Maganda yaende shimoni yawe mboji, au yalishwe mifugo. Mama lishe na wauza mkaa wanaweza kukusanya vumbi la mkaa na kulifinyanga kuwa mkaa wa kupikia. Parokia yenye shule ya bweni, au yenye ng'ombe, ifikirie mtambo wa bayogesi, lakini isijenge kabla ya kuteua fundi na mtu wa kuulisha kila siku. Mtambo usiolishwa hufa kama ng'ombe asiyelishwa. Na tusichome plastiki uani. Moshi ule hauulizi ni mtoto wa nani anayeuvuta.

Haya ni madogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Hata mtambo mkubwa ukija kesho, utazikuta taka zilizotenganishwa, na jumuiya inayojua kuuliza. Bila hayo mawili, utakuwa tanuri la kuchomea fedha za umma.

 

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Taka za mtaa wetu huishia wapi? Nani anaishi hapo, na tumewahi kumtembelea?
2. Je, tunawafahamu waokota taka wa eneo letu kwa majina? Wanahitaji nini kwanza?
3. Ni hatua gani moja ya kutenganisha taka tunayoweza kuianza katika kila nyumba kabla ya mkutano wetu ujao?
4. Mradi wa taka au wa kiwanda ukitangazwa katika kata yetu, nani kati yetu atakwenda kikaoni, na atatuletea taarifa lini?